Godoro Mbele ya Taji

Winnipeg, Jumapili ya Pasaka, 21 Aprili 2019

Leo ni miaka sitini, miezi mitano na siku tano tangu tulipopanda meli bandarini Horta, kisiwani kwetu Faial, kwenda Santos, mimi nikiwa mtoto wa miaka tisa na majivu ya volkano yakiwa bado masikioni mwangu. Na ni mwaka mmoja, miezi saba na siku kumi na mbili tangu nilipoingia nchi hii nikitokea Santos, nikapigiwa muhuri wa mgeni. Nilikuja kwenye harusi ya binti wa binamu yangu. Harusi ilikwisha, mgeni hajaondoka.

Daftari hili nimelinunua kwa ushauri wa mwanasheria. Alitaka tuandike maisha yetu ya pamoja siku kwa siku: tumekula nini, tumekwenda wapi, nani katutembelea. Akasema maafisa hupenda mambo madogo madogo. Nimefanya kazi ya kusahihisha prufu miaka thelathini na nne katika gazeti moja la Santos, kwa hiyo mambo madogo madogo ninayajua. Ila nimeandika mistari hii michache tu na tayari ninaona kwamba daftari hili halitaonyeshwa kwa mtu.

Basi niseme ukweli kwa utaratibu. Machi ya mwaka jana nilimwoa Hermínia, mjane wa hapa, mzaliwa wa Praia do Norte, parokia inayopakana na Capelo yetu kule kisiwani Faial. Yeye yuko Winnipeg tangu 1967. Ndiye mdhamini wangu. Mei tukapeleka fomu za kuomba ukaazi wa kudumu, na tangu hapo tunasubiri. Siruhusiwi kufanya kazi. Sina kadi ya hospitali. Viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja, kwa hiyo nikitoka nje huenda nisirudi kwa mke wangu. Karatasi yangu ya ugeni, ambayo tumeshaiongezea muda mara mbili, inakwisha tarehe 15 Julai.

Ukaazi ukitoka nina safari moja tu ninayoitaka. Nataka kwenda Capelo nikahesabu hatua kutoka mlango wa jikoni wa nyumba yetu hadi kwenye tangi la mawe la maji ya mvua. Mimi nasema zilikuwa kumi na mbili. Marehemu kaka yangu Evaristo alishikilia kuwa ni kumi na nne, na tulibishana kwa barua miaka arobaini. Nyumba ilifukiwa na majivu hadi madirishani, lakini nimeona picha: kizingiti kimefukuliwa na tangi lingali limesimama. Kosa ambalo halijasahihishwa huniwasha kama upele.

22 Aprili

Nimeamka peke yangu kitandani. Hermínia nimemkuta sebuleni, amelala sakafuni juu ya godoro jembamba la sponji. Nilimuuliza kulikoni. Akasema mgongo. Nikamwambia mgongo unaouma hutaka kitanda. Akasema mgongo ni wake.

23 Aprili

Theluji tena, mwishoni mwa Aprili. Godoro tena.

Jumapili, 28 Aprili

Leo ni Jumapili ya pili ya Taji. Watu wa visiwani kwetu hupeana taji la fedha la Roho Mtakatifu wiki saba, kuanzia Pasaka hadi Pentekoste, kila wiki katika nyumba moja iliyopigiwa kura. Mwenye nyumba huliwekea madhabahu sebuleni, na majirani huja kila jioni kusali rozari. Hermínia aliangukiwa na wiki ya tano. Mwaka jana kura yake ilipotoka alilia kwa furaha, mimi nikampa leso. Mimi si mtu wa sala. Nilichokuwa nacho cha kuamini kilibaki chini ya majivu pamoja na mbuzi wetu watatu.

Mtoto wa Hermínia, Délio, alikuja kula. Ana miaka arobaini na minane na kampuni ndogo ya kumwaga zege, na hunisalimia kwa kutazama saa yake. Aliliona godoro limekunjwa nyuma ya kochi. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Mgeni, umemfukuza mama yangu kitandani kwake?"

Hermínia akasema ni mgongo. Délio akatafuna nyama yake polepole kama mtu anayesoma mkataba.

2 Mei

Barafu imeondoka mtoni. Hakuna barua.

6 Mei

Nilimsindikiza Hermínia ukumbini, ambako wanawake walikuwa wanafanya jaribio la supu ya sikukuu. Bibi Leontina, anayeongoza rozari na anayeongoza kila kitu kingine, alinisukumia ndoo ya viazi na kisu. Nikamwambia kwa adabu kwamba karatasi yangu hainiruhusu kufanya kazi, na pale ukumbini huwa kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo afadhali nisiguse.

"Kumenya viazi nako ni mpaka serikali iidhinishe?" akauliza. "Basi ukienda chooni beba kibali."

Wakacheka hadi mmoja akashika meza. Hermínia naye alicheka, na nikatambua kwamba ilikuwa wiki mbili sijaisikia sauti hiyo. Nilikaa pembeni, mikono mapajani, nikasahihisha jarida lao la mwezi huu kwa macho tu. Makosa kumi na saba. Sikuyaandika popote.

8 Mei

Godoro.

9 Mei

Vivyo hivyo. Mwanasheria kapiga simu kuuliza kama tunazo picha mpya. Tunazo za Krismasi.

Jumamosi, 11 Mei

Nilishuka jiko la chini kuchukua siki. Délio na mama yake walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, wakanyamaza waliponisikia kwenye ngazi. Nilichodaka ni maneno ya Délio: "Mama, watu wakijua watasemaje?" Nilichukua siki nikapanda. Huko juu nikakumbuka kwamba kilichokuwa kimetakiwa ni chumvi.

Ninaandika hapa ninachokidhani, ili siku moja nikisahihishe ikibidi. Nadhani Délio amemshawishi mama yake kuwa mimi nilimwoa kwa ajili ya karatasi. Nadhani Hermínia ameanza kuamini, na kwa kuwa ni mwanamke mwema hawezi kunifukuza, ila amehamisha mwili wake tu. Mtu anayetaka kujua kama ndoa ni ya kweli angeanzia kitandani, na kitandani kwetu kuna mto mmoja.

Jumatatu, 13 Mei

Usiku wa kuamkia leo, mwaka 1958, ndipo ardhi ilipotetemeka hadi alfajiri, mara mia nne na zaidi, nyumba za Praia do Norte zikaanguka moja baada ya nyingine. Hermínia alikuwa na miaka saba. Alilala shambani chini ya gari la ng'ombe na akamsikia bibi yake akihesabu mitetemo kwa sauti mpaka hesabu ikamshinda.

Mwaka jana tarehe kama hii tuliketi kitandani tumeshikana mikono, na nilifikiri: huyu ni mtu pekee aliyebaki duniani ambaye sina haja ya kumweleza. Mwaka huu alipiga magoti sebuleni peke yake.

Nilisimama mlangoni nikamuuliza kama amenichoka.

Hakugeuka. Alisema, "Urbano, usiniulize. Kama unanipenda, usiniulize."

Nimesoma vitabu vingi maishani, na katika vyote hivyo mwanamke anaposema maneno hayo mwanamume hufungasha virago ukurasa unaofuata. Mimi sina pa kuvipeleka. Nyumba ya Santos niliiacha kwa mpangaji mwingine. Capelo ni majivu. Na sheria inasema nikivuka mpaka, ombi langu huenda likafa. Kwa hiyo nilikwenda kuosha vyombo.

15 Mei

Hakuna barua. Miti imeanza kuchipua, imechelewa kama mimi.

Jumapili, 19 Mei

Taji limekuja kwetu. Liliingia na mishumaa na watu hamsini waliovua viatu, hadi veranda ikawa kama duka la viatu vilivyotumika. Délio alikuwa ametengeneza madhabahu ya ngazi saba, imevishwa kitambaa cheupe na maua ya karatasi, na taa ndogondogo ambazo nusu yake haziwaki. Juu kabisa ndilo taji, na njiwa wake mdogo wa fedha, mkubwa kidogo tu kuliko kidole gumba changu.

Hermínia alivaa gauni la bluu. Alikuwa mzuri. Nilimwambia, akashusha macho kama msichana. Watu walipoondoka alitandika godoro lake mbele ya madhabahu.

Alhamisi, 23 Mei

Lazima niyaandike haya yote kwa mpangilio, maana huenda nikaulizwa.

Saa tatu na nusu asubuhi Hermínia alikuwa amekwenda kununua mishumaa. Délio alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa za madhabahu. Kengele ikalia. Mlangoni alikuwepo mwanamke wa makamo, koti la mvua, kitambulisho shingoni, kalamu mbili mfukoni. Alijitambulisha kuwa ni afisa wa uhamiaji na akaomba, kwa adabu kubwa, kuona tunavyoishi. Kiingereza changu ni cha kusomea, si cha kusemea. Délio akashuka kutafsiri.

Afisa aliona jikoni, akaona picha za harusi, akaona dawa zangu za presha na za Hermínia kwenye kisahani kimoja. Hapo aliandika kitu na akatabasamu. Akaomba kuona chumba cha kulala. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, mto mmoja katikati. Alisimama hapo muda wa kutosha kusali Baba Yetu. Tukarudi sebuleni. Alilitazama taji kwa heshima, akauliza ni nini, Délio akamweleza. Kisha akaliona godoro. Lilikuwa bado halijakunjwa. Juu ya mto palikuwa na rozari, na juu ya rozari miwani ya kusomea ya Hermínia, ile ya fremu ya waridi.

Akauliza swali. Nililielewa bila tafsiri: nani analala hapa?

Délio hakunitafsiria. Alijibu mwenyewe, haraka, na neno lake pia nililielewa. Alisema, "Mimi."

Afisa aliitazama miwani ya waridi. Akamtazama Délio, mtu wa kilo mia moja na kumi. Akaandika kwa muda mrefu. Alitushukuru, akavaa viatu vyake na akaondoka.

Nilimuuliza Délio kwa nini amedanganya.

"Ulitaka nimwambie nini, mzee? Kwamba mama anakukimbia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mzee. Nilimwambia nilidhani yeye ndiye aliyemtia maneno. Alikaa kwenye ngazi ya chini ya madhabahu, jambo ambalo mama yake angemkata masikio kwa ajili yake.

"Mimi sikukutaka humu," alisema. "Sikufichi. Lakini baba alipokufa mama aliacha kuimba miaka sita. Ulipokuja akaanza tena, jikoni, asubuhi, na sauti mbaya ileile. Nimemuuliza kuhusu godoro mara tatu. Haniambii. Nikamwambia watu watasemaje, akaniambia nirudi kwenye zege langu."

Basi hayo ndiyo yaliyosemwa jiko la chini. Narudi kwenye maandishi yangu ya tarehe 11 Mei na kuyapiga mstari.

Hermínia aliporudi tulimweleza. Alikaa na mfuko wa mishumaa mapajani. Swali lake lilikuwa moja: kama afisa aliiona miwani. Nilisema aliiona. Akainuka, akakata tambi za mishumaa, akapanga maua. Nilidhani sasa mambo yatabadilika, kwamba hofu itafanya ambacho mapenzi hayakuweza. Jioni baada ya rozari alitandika godoro palepale.

Jumapili, 26 Mei

Taji limekwenda nyumba ya sita. Madhabahu imebomolewa. Godoro limebaki.

Ijumaa, 31 Mei

Barua imekuja. Tunaitwa kwenye usaili, wote wawili, tarehe 11 Juni saa nne asubuhi. Tutaulizwa kila mtu peke yake. Barua inasema kuna mashaka kama ndoa ni ya kweli, na kwamba tuje na ushahidi wowote zaidi. Ni barua isiyo na kosa hata moja la uandishi. Nimeisoma mara sita nikilitafuta.

1 Juni

Délio alikuja kutaka tukubaliane hadithi moja: yeye alikuwa analala pale wiki ya Taji, basi, na wote tuseme hivyo. Hermínia alisema hawezi kusema uongo kuhusu Taji. Délio akanigeukia mimi. Nilisema nitafikiri.

Jumanne, 4 Juni

Nilimwomba Hermínia arudi kitandani, hata kama ni kwa siku saba hizi tu, hata kama ananipa mgongo huo unaouma, ili tukiulizwa tuwe na jibu la kweli. Alinishika shavu. Akasema, "Tarehe kumi na sita." Nikauliza kwa nini kumi na sita. Akasema amekwisha kusema tarehe.

Nilitoka nje nikatembea chini ya miti. Viwavi wameshuka, wananing'inia kwa nyuzi zao kila mahali, mtu anawakusanya kichwani kama shada. Nilikutana na Bibi Leontina akiwapungia kwa mwavuli. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kumuuliza yeye, wa watu wote: tarehe 16 kuna nini?

"Utatu Mtakatifu," akasema. "Mwisho wa sikukuu. Miaka sitini ughaibuni imekufanya mpagani kabisa."

Nikamuuliza tena kama mwanamke anaweza kulala sakafuni kuanzia Pasaka hadi siku hiyo. Aliacha kupunga mwavuli. Kiwavi alimtembea begani na hakumwondoa.

"Mzee Urbano," akasema, "wewe umesoma vitabu vyote isipokuwa wanawake wa Faial. Na usinifanye niseme zaidi. Kitu kama hicho hakisemwi mpaka kitimie. Kikisemwa kabla, kimemwagika."

Nadhiri. Mama yangu alipanda mlima kwa magoti mwaka 1957 ili moto wa volkano uliotoka baharini uzimike, na hatukujua hadi tulipokuwa melini, wakati haikuwa na maana tena kuficha. Nilikuwa na miaka tisa. Nikasahau. Wiki sita nimeishi na jambo hilohilo ndani ya nyumba na nikalisoma kama talaka.

Sasa naona lilivyo lote. Amelala sakafuni ili nisiondolewe. Na kwa sababu amelala sakafuni, huenda nikaondolewa. Ni mtu wa kwetu tu anayeweza kufanya kosa la namna hiyo, na hakuna afisa duniani mwenye fomu ya kuliandikia.

Jumapili, 9 Juni, Pentekoste

Sikumwambia kwamba najua. Nimejifunza kutouliza, nimechelewa siku arobaini na tisa.

Jumanne, 11 Juni

Joto. Délio alitupeleka, amevaa tai. Jengo lina viyoyozi vikali. Hermínia alijifunika shali na kushika mkoba kwa mikono miwili.

Niliitwa kwanza. Alikuwa afisa yuleyule, na mkalimani kijana kutoka São Miguel, kisiwa kingine cha kwetu, ambaye lafudhi yake ilinipa shida kuliko Kiingereza. Aliuliza tulikutana vipi, nani hupika, jina la daktari wa Hermínia, rangi ya pazia la bafu. Yote niliyajua. Kisha akaweka kalamu chini.

Akauliza nani alikuwa analala kwenye lile godoro.

Nilikuwa nimefikiri siku kumi. Ningesema Délio, na Hermínia angesema vingine, na tungeonekana waongo. Ningesema ni nadhiri, na ningeimwaga, mimi nisiyeiamini, kitu alicholipia kwa mifupa yake tangu Pasaka. Nilijibu neno kwa neno hivi, nikamwomba mkalimani asipunguze wala kuongeza:

"Ni mke wangu. Ameanza tarehe 21 Aprili. Mwanawe alisema ni yeye kwa sababu alitaka kunilinda, na ninamwombea radhi. Sababu ya mke wangu kulala pale ni yake, na siwezi kuisema kwa niaba yake. Ninachoweza kusema ni kwamba hanikimbii."

Afisa aliuliza nilijuaje kwamba hanikimbii, kama hakuniambia sababu. Nikasema nilikuwa nimemsoma vibaya, kisha nikasahihisha.

Kwa kweli lilikuwa jibu baya. Nililiona likiandikwa.

Hermínia alikaa ndani dakika hamsini. Nilikuwa kwenye benchi na Délio, ambaye alikuwa ameilegeza tai na kuikaza mara nyingi hadi fundo likawa kama ngumi. Alipotoka alikuwa mweupe. Nyumbani aliketi mezani, bado amevaa shali katika joto lile.

"Nimemwambia," akasema.

Nikamwambia najua alichomwambia. Hakushangaa.

"Aliniuliza kama mume wangu ananipiga. Kama nakuogopa. Kama umenilazimisha kukudhamini. Mkalimani mwenyewe aliona aibu kutafsiri. Niliona kwamba nikinyamaza atakuandika mtu mbaya. Siku tano, Urbano. Nilibakiza siku tano, na nimeimwaga."

Délio alianza kusema kwamba Mungu hahesabu siku kama mkandarasi. Mama yake alimtazama, naye akarudi kwenye fundo la tai yake.

"Sikuomba karatasi," alisema Hermínia. "Niliomba usiondolewe. Sasa nimevunja, na atakayedaiwa si mimi, ni wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayedai, kwamba juu kule hakuna dawati wala kalamu. Sikusema. Mtu aliyelala sakafuni siku hamsini na moja kwa ajili yako, akiwa na miaka sitini na minane, hastahili kuambiwa kwamba alilala bure.

13 Juni

Hermínia hali chakula. Analala bado sakafuni, anasema walau amalize.

Jumapili, 16 Juni, Utatu Mtakatifu

Supu ilitolewa kwa watu mia tatu, nyama, kabichi, mkate na majani ya nanaa. Nilimenya viazi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Bibi Leontina aliniona na kisu na kwa mara moja maishani mwake hakusema kitu. Hermínia aligawa mikate lakini hakuonja hata kipande.

Watu walipokuwa wakila, nilikwenda peke yangu mbele ya Taji. Nilifanya jambo pale ambalo leo sitaliandika.

17 Juni

Mito miwili.

22 Juni

Mvua. Viwavi wamekwisha. Hakuna barua. Hermínia anakula kidogo, haimbi.

28 Juni

Mwanasheria anasema tujiandae kuomba nyongeza ya ugeni, na tujiandae pia kwa lile jingine. Nilitoa sanduku langu kabatini nikalifuta vumbi. Hermínia aliliona, akalirudisha kabatini, akafunga mlango.

Jumatano, 3 Julai

Simu ilikuwa ya Délio, kwa kuwa barua pepe zetu zote hupitia kwake. Alisema tu, "Mzee, umepata," kisha nikasikia mashine ya zege nyuma yake ikizunguka bure.

Nilimwambia Hermínia aliyekuwa akimwagilia kabichi. Aliendelea kumwagilia kabichi ileile hadi maji yakafika miguuni pangu. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikasema Délio amesoma. Akasema Délio hajui kusoma, nenda ukasome mwenyewe. Nilikwenda. Hapakuwa na kosa.

Jumanne, 9 Julai

Nimetia saini karatasi za ukaazi. Afisa alikuwa mwingine, kijana, mwenye haraka. Dakika saba. Asubuhi hii Hermínia ameimba. Délio alisema kweli kuhusu sauti.

Jumatatu, 15 Julai

Leo ndiyo siku ambayo karatasi yangu ya ugeni ingekwisha. Nimeiweka ndani ya daftari hili.

Jana Délio alikuja kula na akaweka bahasha karibu na sahani yangu. Ni safari ya Septemba, viti vitatu, hadi Horta. Alikuwa amekwisha kumpigia mtu wa Capelo ambaye atatupeleka hadi kizingitini. "Tutazihesabu hizo hatua, mzee," alisema. "Mimi nitaleta futi ya kupimia, maana wewe na kaka yako mlitumia miguu ya watoto." Alikuwa na furaha kama aliyejenga nyumba mwenyewe. Hermínia alipiga makofi.

Nikasema nashukuru sana, na waende wao.

Délio alidhani nimeona vibaya kuhusu nauli. Kisha akadhani naogopa kwamba watanizuia mpakani wakati wa kurudi, akaanza kunieleza haki zangu. Nikasema hapana, siyo hilo. Akauliza basi ni nini. Nilitazama supu yangu.

Hermínia alinitazama kwa muda mrefu, kutoka uso hadi mikono. Kisha akasema, "Délio, mwache mzee ale." Na chini ya meza aliweka mkono wake juu ya goti langu, na hakuuliza. Yeye ni mwanafunzi mzuri kuliko mimi.

Nadhiri haisemwi mpaka itimie, na yangu ni ya maisha, kwa hiyo haitatimia kabla yangu. Lakini kuandika si kusema, na daftari hili ataliona Hermínia nitakapokuwa sipo, wakati haitakuwa na maana tena kuficha. Tarehe 16 Juni, mbele ya njiwa yule wa fedha nisiyemwamini, nilisema kwamba zile siku tano nitazilipa mimi, kwa kitu pekee nilichokuwa bado nakitaka upande ule wa bahari, na kwamba Hermínia asidaiwe. Naweza kujitoa. Hakuna aliyenisikia. Ndiyo sababu siwezi kujitoa.

Kumi na mbili au kumi na nne, Evaristo, sitajua. Wao watakwenda Septemba, na nimemwomba Délio asipime. Mimi nitabaki hapa kumwagilia kabichi.

Capelo sitarudi.